Ng'ombe Mkubwa Kuliko Nyumba: Kwa Wanaoanza Kusoma Picha za Mashambani

Swali la kwanza la anayeanza kazi hii huwa lilelile: mbona ng'ombe kaizidi nyumba, na nyumba yenyewe imekaa kama kiberiti chini ya mkorosho? Ukilijibu kwa kusema "mchoraji hakusoma", umefunga mlango na hutaona kitu tena. Jibu linalofaa ni swali jingine: kwa kumkuza ng'ombe, mchoraji amepata kuonyesha nini ambacho kwa vipimo sahihi kingempotea? Maelezo yafuatayo yanazunguka swali hilo. Ni kwa ajili yako unayejiandaa na mtihani wa sanaa, unayeanza kuongoza wageni Mikindani, au uliyekabidhiwa kuandika vibao vya maelezo ya picha kwa maonyesho ya shule huku kusini mwa Tanzania, iwe Masasi, Nachingwea au Lindi mjini.

Vitabuni mtindo huu huitwa naivu, neno lililotoka Kifaransa, lenye maana ya mtu asiye na hila. Ni picha za watu ambao hawakupita chuo cha sanaa. Wapo pia waliopita, kisha wakachagua kuchora kama hawakupita, na hao tutawarudia. Mfano unaotajwa zaidi Ulaya ni Henri Rousseau (1844–1910), karani wa ushuru wa Paris aliyejifundisha mwenyewe na kuchora misitu minene ya nchi za joto bila kutoka Ufaransa. Majani yake aliyatazama kwenye bustani ya mimea ya mjini. Marekani yuko Anna Mary Robertson Moses (1860–1961), mke wa mkulima aliyeshika brashi kwa dhati akikaribia miaka 80, akachora mashamba, theluji na mavuno. Kijiji cha Hlebine, Kroatia, kilimtoa Ivan Generalić (1914–1992), aliyechora maisha ya wakulima nyuma ya kioo.

Kwetu jina ni la jirani. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa hadibodi (ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, akafariki 1972. Wengi waliomfuata walikuwa ndugu na watu wa kwao kusini. Kwa hiyo ukiona kwenye picha ya Dar vilima, nyumba au namna ya kubeba mzigo unayoijua, usishangae. Lakini usiharakishe kusema "hapa ni Masasi". Rousseau anatosha kutukumbusha kwamba mchoraji wa namna hii si lazima awe amekiona anachokichora.

Dakika kumi bila kusema

Weka picha usawa wa macho, wewe ukiwa umbali wa kama mita moja na nusu, mwanga wa dirisha uingie kwa ubavuni. Rangi ya mafuta inang'aa. Ukiitazama chini ya taa ya dari utaiona taa, picha hutaiona. Kisha chukua karatasi na kwa dakika kumi andika nomino na idadi tu. Usiandike "nzuri", wala "amani", wala "utulivu". Neno "amani" ndilo linaloharibu maelezo mengi ya picha za mashambani, kwa sababu anayeanza huliandika dakika ya kwanza, halafu dakika tisa zilizobaki anatafuta ushahidi wake.

Ili tuwe pamoja, tutumie picha ya mfano. Ni ya kutunga, lakini ya aina unayoweza kuikuta sebuleni kwa mtu. Ni hadibodi ya sentimita 60 kwa 60. Orodha yake ni hii: vilima vya mawe 2, jua 1, ndege 4, mikorosho 3, mabibo (matunda ya mkorosho) mekundu na ya njano 26, nyumba za nyasi 2, mto 1, ng'ombe 5 wanaoelekea kulia, kijana 1 mwenye fimbo, mwanamke 1 mwenye ndoo kichwani, safu 4 za mahindi mabichi.

Hesabu inaonekana kazi ya kitoto mpaka uifanye. Mabibo 26 kwa mikorosho 3 maana yake mchoraji alirudia umbo moja mara 26, kwa mkono, kila moja na korosho yake ikining'inia chini. Mtu harudii kitu mara 26 kwa bahati mbaya. Ng'ombe watano unaweza kuwapita haraka, mabibo hapana.

Angalia pia umbo la ubao. Hadibodi nzima huuzwa futi 4 kwa 8, na ukiikata futi 2 kwa 2 unapata vipande nane bila kubakiza kitu. Kwa hiyo mraba huo mara nyingi ni hesabu ya dukani, na mchoraji anaukuta tayari. Lakini una matokeo yake. Mandhari hupenda upana, na mraba hauna upana. Mchoraji hana pa kutandaza shamba kuelekea kushoto na kulia, kwa hiyo analipanda juu kwa juu: mto chini, ng'ombe juu ya mto, nyumba juu ya ng'ombe, mikorosho, vilima, jua. Anayeanza husema "hakuna kina". Kina kipo, kimesimamishwa wima kama ngazi. Kilicho juu kwenye ubao ndicho kilicho mbali shambani.

Makosa yaliyonunua kitu

Anza na ukubwa. Panga vitu vyote kuanzia kikubwa hadi kidogo jinsi vilivyochorwa, usijali vilivyo kwa kweli. Kwenye mfano wetu tunapata: mkorosho, ng'ombe, mwanamke, nyumba, kijana, bibo, kilima. Hiyo ni ngazi ya uzito, na inasomeka karibu kama sentensi. Kilima cha mawe, kitu kikubwa kuliko vyote, kimeshuka mpaka mwisho, kimebaki alama ya kusema tuko upande gani. Bibo moja limekaribia kichwa cha kijana.

Hapa kuna mtego. Si kila ukubwa una maana. Wachoraji hawa wengi hawapimi kwanza kwa penseli ubao mzima. Wanaanza upande mmoja na kwenda. Ng'ombe wa kwanza ni mnene, wa pili vilevile, wa tano kichwa kimebanwa kwenye ukingo. Ukiona kitu kinapungua kadiri kinavyokaribia ukingo, na hakuna sababu nyingine, huyo ni mtu aliyeishiwa nafasi. Usimpe ng'ombe wa tano falsafa ya unyonge. Kosa hili tunaliona sana kwenye insha za wanafunzi, na linatia aibu kwa sababu mchoraji mwenyewe angecheka.

Kisha angalia kila kitu kimetazamwa kutoka wapi. Pembeni ya kila nomino weka herufi: J kwa kilichotazamwa kutoka juu, U kwa ubavuni, M kwa mbele. Mto ni J, unapita kama utepe wa buluu. Mahindi yana J na U kwa pamoja: safu zimepangwa kama zinavyoonekana kutoka juu, lakini kila mhindi umesimama kwa ubavu. Ng'ombe ni U, ila pembe zake zote mbili zinaonekana zimefunguka kama za M, na kiwele kina chuchu nne zote. Nyumba ni M.

Kanuni inayojitokeza ni kwamba kila kitu kimechorwa kwa upande unaokitambulisha. Mto ukichorwa kwa jicho la aliyesimama ukingoni unakuwa mstari mwembamba, na mzunguko wake wa kutoka kilimani hadi shambani unapotea. Ng'ombe akichorwa sawasawa kwa ubavu, pembe moja inaifunika nyenzake. Kwa mtu anayemjua ng'ombe kwa pembe zake, huyo atakuwa amechorwa pungufu. Mchoraji amekubali kupoteza jicho moja la kamera, akanunua vitu vizima visivyofichana. Angalia na hilo: karibu hakuna kitu kinachomfunika mwenzake. Ng'ombe watano wamepangwa kwa nafasi kama wanahesabiwa.

Mahali pa kukaa sana ni pale mitazamo miwili inapokutana. Miguu ya ng'ombe (U) inafika kwenye mto (J). Wanakanyaga nini? Wachoraji wengine huweka kamba nyembamba ya majani mabichi hapo, ili kuficha mshono. Wengine huacha kwato zikielea. Kwa kawaida mpakani hapo ndipo utaona mkono wa mchoraji unavyofikiri, kuliko kwenye jua au ndege, ambavyo mkono umevizoea.

Jambo la tatu ni ukali wa kila kitu. Majani ya mkorosho wa mbali yamechorwa moja moja sawa na wa karibu. Mwenye macho ya kawaida anajua kwamba asubuhi ukitazama vilima kutoka barabarani vinafifia na kuwa vya kibuluu. Mchoraji kakataa ukungu huo. Matokeo yake jicho lako halipati pa kupumzikia, linalazimika kutembea. Ndiyo maana picha hizi husomwa kwa hatua, kama mtu anayetoka nyumbani kwenda mtoni, na si kwa kutupia jicho mara moja. Fuata njia hiyo na uiandike: umeingilia wapi, umepita wapi, umetokea wapi. Ng'ombe wanaelekea kulia, mto unashuka kushoto, mwanamke anapanda kuelekea nyumbani. Mwendo wa aina tatu ndani ya sentimita 60.

Vivuli havipo. Hilo ni la kawaida kwa mtindo huu, na halina maana ya saa sita mchana. Ni kweli kwamba Lindi na Mtwara, zikiwa karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hupata jua la utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, kama tarehe 20 Oktoba na 21 Februari, na siku hizo kivuli kinaingia chini ya miguu. Ni jambo zuri la kuwaambia wageni, ila halimhusu mchoraji. Yeye hakuweka kivuli kwa sababu kivuli kingechafua rangi ya kitu. Nyasi ni kijani, basi ni kijani mpaka mwisho.

Mkiwa na picha ya pwani, jua likigusa bahari, msiandike "machweo" kwa mazoea. Bahari ya Mtwara na Lindi iko mashariki. Jua likitoka kwenye maji hapa kwetu ni asubuhi, na ngalawa zilizo karibu na ufuo huenda zinarudi. Machweo ya baharini ni ya wenzetu wa pwani nyingine, au ya kadi za posta.

Uliza ardhi

Hapa ndipo msomaji wa kusini ana faida ambayo mtu wa makumbusho ya mbali hana, na ndipo anapoiacha kwa kudhani kwamba tafsiri ni maneno makubwa. Ardhi ina kalenda. Iulize.

Mabibo yetu 26 yameiva, mekundu na ya njano. Mavuno ya korosho kusini yanashika kasi Oktoba hadi Desemba. Mahindi ya safu nne ni mabichi, yamefika kiunoni. Huku mvua ni za msimu mmoja, zinaanza kati ya Novemba na Desemba na kuisha Aprili au Mei. Mahindi ya kiunoni ni ya Januari au Februari. Basi picha ina majira mawili yaliyokaa ubaoni kwa wakati mmoja. Ukiwa na mbuyu usio na jani hata moja pembeni ya mahindi hayo umeongeza kiangazi, na mkrismasi uliowaka maua mekundu unakurudisha mwisho wa mwaka.

Mwenye haraka atasema mchoraji hajui kilimo. Fikiri tena. Mkulima akiulizwa shamba lake lina nini, anataja mwaka mzima: korosho, mahindi, kunde, mbaazi, ufuta. Hasemi "leo tarehe 14 lina hiki tu". Picha imetaja shamba kwa namna hiyohiyo. Ni orodha ya mali ya mwaka. Andika hivyo, na utakuwa umesema kitu ambacho kinaweza kuthibitishwa na kalenda ya mtu yeyote Newala au Tandahimba.

Kagua mmea wenyewe pia. Korosho inaning'inia chini ya bibo, nje, ikiwa kama figo. Ukiona mchoraji ameipachika juu karibu na kikonyo, au ameiweka ndani kama kokwa ya embe, huyo hakukulia chini ya mkorosho. Matawi ya mkorosho uliokomaa hushuka karibu na ardhi, na chini yake pana kivuli cha kukaa. Ukichorwa kama mwavuli wenye nguzo ndefu, umetoka kwenye picha nyingine. Paa la makuti ni la pwani, la nyasi ni la bara. Makuti hutoa mistari ya ngazi ngazi, nyasi hutoa mistari mirefu ya kushuka. Wachoraji wazoefu wanatofautisha hata kwa brashi nene.

Sasa ng'ombe. Mtu wa mbali akiona ng'ombe, kijana na fimbo, anaona ushairi wa malisho: dunia ya zamani, isiyo na haraka. Mtu wa Liwale au Kilwa anaweza kuona kitu kingine kabisa, na tafsiri yako isipolijua hilo itakuwa nusu. Kusini kwa muda mrefu hakukuwa nchi ya ng'ombe wengi. Mbung'o walichangia hilo, na maisha yalikuwa ya jembe, mbuzi na kuku. Mwaka 2006 na 2007 Serikali ilipowaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, wengi walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Makundi makubwa ya ng'ombe yakaingia mahali ambapo mashamba hayakuwa na uzio, kwa sababu hakukuwa na cha kuzuia. Migogoro ya wakulima na wafugaji ikafuata.

Rudi kwenye mfano. Ng'ombe watano wanapita upana wa kidole kutoka kwenye mahindi mabichi. Hakuna uzio. Kijana yuko nyuma ya ng'ombe wa mwisho, wala hayuko upande wa mahindi. Mgeni anasema "amani ya mashambani". Mkulima anasema "huyo kijana amelala?" Picha ni ileile.

Ni ipi tafsiri sahihi? Inategemea picha imechorwa lini, wapi na kwa ajili ya nani, na hapo ndipo unapoacha kubashiri na kuanza kuuliza. Kama ni ya miaka ya 1980, iliyochorwa Dar kwa mnunuzi mgeni, hao ng'ombe pengine wameingia kwa sababu mnunuzi anategemea shamba liwe na ng'ombe. Kama imechorwa Nachingwea baada ya 2010, mchoraji anajua ng'ombe karibu na mahindi ni nini. Akiwaweka hapo bila uzio na mahindi yakabaki salama, anaweza kuwa anachora jinsi ambavyo angependa mambo yawe. Hayo yote yanaruhusiwa kuandikwa, mradi uonyeshe umesimama juu ya lipi.

Tazama pia aina ya ng'ombe. Wa kienyeji ana nundu. Ukikuta ng'ombe mwenye mabaka meupe na meusi, mgongo bapa, kiwele kikubwa, amesimama chini ya mnazi, huyo katoka kwenye kalenda au pakiti ya maziwa. Si kosa. Ni habari juu ya picha zilizokuwa ukutani mwa mchoraji. Vivyo hivyo mlima wenye kofia nyeupe: huo ni Kilimanjaro, umeletwa kumsaidia mnunuzi. Vilima vya Masasi ni vya mawe matupu, vya mviringo, vinachomoza peke yake kwenye tambarare, na havina theluji.

Ubao, rangi na umri wake

Geuza picha nyuma kabla ya kuamua lolote juu ya rangi. Hadibodi ina upande laini na upande wenye alama kama za wavu, na nyuma huwa na maandishi: bei ya penseli, namba, jina, wakati mwingine mji. Unyevu na chumvi ya pwani huipinda na kuiotesha kuvu kwenye kona, na mchwa hula kuanzia ukutani. Picha iliyochorwa kwenye kitambaa kilichovutwa juu ya fremu ya mbao haipindi hivyo, lakini hulegea na rangi hupasuka inapokunjwa.

Anga la manjano limewapotosha wengi. Rangi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano kwa umri, hasa ikikaa gizani, na sebule yenye moshi wa kibatari huongeza tabaka lake. Inua ukingo wa fremu utazame sehemu iliyofunikwa. Ikiwa hapo ni peupe kuliko kwingine, umanjano ni wa moshi na vumbi. Ikiwa hapo ni pa manjano zaidi, rangi yenyewe imezeeka. Ikiwa ni sawa kote, na buluu iliyo pembeni haijachafuka, basi huenda mchoraji alitaka anga la manjano. Bila ukaguzi huo, usiandike mstari hata mmoja juu ya "joto la jua la jioni".

Mpangilio wa kupaka unaonekana pia. Kwa kawaida ya Tingatinga, mandhari ya nyuma hupakwa kwanza, rangi mbili tatu zikichanganywa zingali mbichi, zinaachwa zikauke, ndipo maumbo yanawekwa juu, kisha madoa na kingo mwishoni. Moses naye alishuka kutoka juu: anga, milima, vilima, nyumba, na watu mwisho. Generalić, kwa kuwa alichora nyuma ya kioo, alilazimika kugeuza mambo. Kilicho mbele kabisa kilipakwa kwanza na anga likaja baadaye, kwa hiyo kosa la nywele halikuweza kufunikwa. Inamisha ubao mwanga uukwaruze kwa pembeni: palipo na ukuta mdogo wa rangi chini ya rangi nyingine, kitu kimeongezwa au kimefunikwa. Kwenye mfano wetu tuseme fimbo ya kijana imepita juu ya mhindi uliokwisha kauka. Kijana kaletwa mwisho. Shamba lilikuwepo kabla ya mchungaji, angalau kwenye brashi.

Kuhusu sahihi, maneno machache. Edward Tingatinga alichora miaka kama minne tu, na picha yenye mwaka wa baada ya 1972 haiwezi kuwa yake hata iandikwe nini. Muuzaji akikuambia "hii ni Tingatinga" anataja mtindo, si mtu, na si lazima awe anadanganya. Kurudia picha moja mara nyingi nako si dosari. Mmarekani Edward Hicks (1780–1849) alirudia picha yake ya wanyama wakali na wapole waliokaa pamoja mara zipatazo 60. Ukipata nakala mbili za picha moja una bahati: ziweke sambamba uone kilichobadilika. Kisichobadilika ni mazoea ya karakana, kinachobadilika ni uamuzi.

Waliosoma wanaojifanya hawakusoma hujulikana kwa kuchagua makosa. Nyumba imepinda kwa ustadi, ila mikono ya mwanamke ina vifundo sahihi na miguu imebeba uzito wa mwili. Asiyesomea hushindwa kwa usawa: mikono, miguu, paa, vyote vina ugumu uleule, na kinachong'aa ni kile alichokirudia maisha yake yote. Tazama viganja na nyayo kwanza.

Rangi si kamusi

Orodha za "nyekundu ni damu, kijani ni matumaini" ziacheni kwa bendera. Kwenye picha hizi rangi mara nyingi ni ile iliyokuwepo kwenye kopo. Rangi ya mafuta ya dukani inakuja na nyekundu kali, njano, kijani, buluu, nyeupe na nyeusi, na kuchanganya kunakula rangi. Kinachofaa kuulizwa ni wapi mchoraji amejisumbua kuchanganya. Ikiwa kijani cha majani ni cha kopo lakini udongo umechanganywa mara tatu ukawa mwekundu wa kutu kama wa uwanda wa Makonde, basi udongo ndio aliougharimia. Halafu angalia rangi moja inaruka wapi na wapi: nyekundu ya bibo, nyekundu ya kanga ya mwanamke, nyekundu ya jua. Jicho linaruka pamoja nayo, na hiyo ni njia ya pili ndani ya picha, isiyofuata mto.

Kilichokosekana

Andika vitu vitano ambavyo vingepaswa kuwepo na havipo. Kwa mkorosho wenye mabibo yaliyoiva: hakuna anayeokota, hakuna gunia, hakuna mizani, hakuna mashine ya kupulizia salfa (dawa ya mikorosho), hakuna ghala la ushirika. Mazao yapo, kazi ya kuyageuza fedha haipo. Mtu pekee aliyebeba kitu ni mwanamke mwenye ndoo, na kwa wanaojua uwanda wa Makonde, ambako maji yalifuatwa bondeni kwa mwendo mrefu, ndoo hiyo si pambo. Picha nyingi za mashambani, za huku na za ng'ambo, huficha jasho. Yetu imeliacha kichwani kwa mtu mmoja. Ukishuka hapo kwenye maandishi yako, msomaji atarudi kuitazama picha.

Orodha ya kukosekana isipite vitano. Ikipita, utaanza kumdai mchoraji ndege za abiria.

Kuandika

Gawa karatasi safu tatu: ninachokiona, ninachokijua, ninachokidhani. Safu ya kwanza ijazwe na nomino na hesabu zako. Ya pili ni kalenda ya kilimo, historia, vifaa, mambo ambayo mtu mwingine anaweza kuyakagua. Ya tatu ndiyo tafsiri, na kila sentensi yake lazima ichorewe mstari kwenda angalau kitu kimoja cha safu ya kwanza na kimoja cha ya pili. Sentensi isiyo na mistari miwili, futa. Kwa picha moja, sentensi tatu au nne za safu ya tatu zinatosha insha ya kurasa mbili. Wengi huandika kumi na tano za safu ya tatu na mbili za safu ya kwanza, ndiyo sababu insha zao zinafanana hata wakipewa picha tofauti.

Kibao cha ukutani kiwe na maneno 60 hadi 80. Kimo hutangulia upana, kwa sentimita. Taja vifaa kwa majina yake. Kwa mfano wetu kingekuwa hivi:

"Rangi ya mafuta juu ya hadibodi, sm 60 × 60. Ng'ombe watano wanapita kando ya mahindi mabichi, chini ya mikorosho mitatu yenye mabibo 26 yaliyoiva. Korosho huvunwa mwisho wa mwaka na mahindi hufika kimo hiki baada ya mvua kuanza. Mchoraji ameliweka shamba la mwaka mzima kwenye siku moja. Hakuna uzio kati ya mifugo na mazao. Angalia ndoo ya mwanamke, kisha uutafute mto."